Mkono wa Ndani

Maiti ilikuwa imekaa. Hilo ndilo lililomuudhi Inspekta tangu alipovuka kizingiti. Mzee mzima, aproni kiunoni, mgongo kauegemeza kwenye mguu wa meza ya kazi, bunduki imelala mapajani, kitambaa cha kusafishia kipo mkononi. Ungemtazama haraka ungesema kachoka tu, anapumzika kidogo kabla ya kuendelea. Ila kifua kilikuwa kimefumuliwa, na damu ilishafika mlangoni.

"Ajali, afande," alisema Koplo. "Alikuwa anasafisha, akasahau risasi ndani. Puu!"

"Umeshaandika?"

"Ndiyo naanza."

"Acha."

Koplo aliacha. Alikuwa mrefu kumpita bosi wake kwa kichwa na shingo, lakini alimwogopa. Huyu mama walimpa jina la Kibiriti tangu chuo cha polisi, kwa udogo wake na kwa jinsi anavyowaka. Miaka ishirini baadaye kituo kizima kilimwita hivyo, ila si mbele yake.

Marehemu naye alikuwa na jina lake. Mtaa mzima wa karakana ulimwita Mzee Vitako, watoto wakicheka, mwenyewe akicheka nao. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuchonga, kukwangua na kupaka upya vitako vya bunduki, ule mti unaobeba mtutu kwa mbele na kuegemea bega kwa nyuma. Bunduki za walinzi, za wawindaji wenye leseni, za askari wa wanyamapori, zote zilipita mikononi mwake. Chumba kilinuka mafuta ya kitani na vumbi la mninga. Dirishani palikuwa na waya wa kuanikia. Pembeni sefu ya chuma, wazi, na ndani yake bunduki tatu zilizokamilika, zimefungwa lakiri, zinangoja wenyewe.

"Funguo za sefu ni ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Mbili. Moja iko mfukoni mwa marehemu. Ya pili anayo mshirika wake."

Aliyeikuta maiti ni fundi wa kuchomelea, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu nje, macho mekundu.

"Ulisikia mlio?"

"Nilisikia, afande. Saa moja kasorobo hivi."

"Ukafanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilijua ni tairi. Hapo ng'ambo tairi zinapasuka kila siku. Saa mbili ndiyo nikaja kuomba kipande cha msasa." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Msasa, afande! Mtu amelala na damu yake saa nzima, mimi naja na habari za msasa."

Daktari wa polisi hakukawia. Risasi moja, ya karibu sana, masizi yamebaki kwenye aproni. Kuhusu ajali alisema inawezekana, na kuhusu mauaji alisema inawezekana vilevile, akapanda gari lake. Madaktari wa aina hiyo Inspekta alitamani siku moja awaweke ndani.

Binti wa marehemu alifika na sare yake ya uuguzi, katoka zamu moja kwa moja. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akamfumba baba yake macho kwa vidole viwili kama alivyowafanyia wagonjwa wengi, kisha akasimama.

"Nani amesema ajali?"

Koplo alitazama viatu vyake.

"Baba yangu alikuwa haigusi bunduki mpaka aifungue mara mbili aitazame ndani. Mara mbili! Ilifika hadi akawa anatukera. Miaka thelathini na nne hakuwahi kujikwaruza na risasi, leo ajipige mwenyewe kifuani?"

"Pole sana, dada," Inspekta alisema.

"Pole nimeisikia. Mazishi ni Jumatano saa nne. Mkimzika kwa jina la mzembe, mjue mmemuua mara ya pili, na nitasema hivyo hivyo mbele ya jeneza."

Inspekta alimpenda papo hapo. Mkuu wa kituo, kwa upande wake, hakumpenda mtu. Kwenye simu alisema kibali cha kuzika kinataka sababu ya kifo. "Nakupa mpaka kesho jioni, Inspekta. Ukikosa kitu cha kunionyesha, naandika uzembe, nasaini, tunaendelea na maisha."

Alirudi kwa maiti, akavaa glavu, akainua bunduki. Kitako kilikuwa kizuri ajabu, rangi ya asali iliyokolea, kikavu, laini kwenye kiganja. Aliigeuza, chupuchupu imponyoke. Pale mtutu unapolalia mti, kwenye ule mshono mwembamba wa chini, glavu iling'ang'ania. Akavuta. Kidole kikaachia na uzi wa kitu cha njano, kizito.

Akanusa. Mafuta ya kitani.

"Koplo, shika hapa."

"Kwa nini ninase mimi?"

"Shika, bwana!"

Koplo alishika, akanasa, akaguna. "Mbona huku nje pakavu?"

"Ndiyo swali langu. Mwite mtaalamu wa silaha, na wa alama za vidole aje naye. Huu mshono mtu asiuguse tena. Hata wewe."

Mshirika wa marehemu alitokea saa tatu na dakika kumi. Alikuwa mtu wa makamo, ameparara, suruali ina madoa ya vanishi. Mtaani alijulikana kwa jina la Chapchap, maana mzee akimaliza kitako kimoja yeye ameshamaliza vitatu. Alipoona kilichopo chini ya shuka aliuangukia mlango.

"Mzee! Mzee wangu! Mimi sasa nitakwenda wapi?"

Alilia kweli. Inspekta amewaona wanaojikamua machozi. Haya yalikuwa machozi halisi, na ndiyo maana hayakumsaidia kitu. Alimpa muda, kisha akamkalisha kwenye kigoda.

"Mara ya mwisho kuingia humu ni lini?"

"Jumamosi. Saa sita mchana."

"Jumapili?"

"Kwa mama. Nakaa naye siku hizi, yuko peke yake."

"Leo?"

"Nimetoka nyumbani, nikapita kununua brashi, ndiyo nafika."

"Hii bunduki unaijua?"

Chapchap aliitazama, akaiacha haraka. "Ya idara ya wanyamapori. Waliileta ipakwe upya. Mzee alikuwa nayo yeye mwenyewe."

"Wewe hukuigusa?"

"Sikuigusa."

"Ilikuwa imefunguliwa au imeungwa?"

"Jumamosi ilikuwa imefunguliwa. Mti kwenye waya, chuma kwenye sefu. Labda leo asubuhi aliiunga."

"Kwa hiyo aliiunga, akaisafisha, akajipiga."

"Afande, mimi sikuwepo," Chapchap alisema, akaanza kulia upya.

Mchana huo mtaalamu wa silaha alifungua skrubu mbili za chini, akautoa mtutu. Ulitoka kwa shida, ukitoa sauti ya mguu unaochomoka matopeni. Ule mfereji ambao mtutu hulalia ulikuwa umejaa mafuta mabichi. Chuma chote cha chini kimepakaa. Skrubu zilipokazwa, mafuta yalikuwa yamekamuliwa mpaka nje ya mshono.

"Sijawahi kuona fundi akifanya hivi," mtaalamu alisema. "Huu ni ujinga."

"Au haraka," alisema Inspekta.

Alimwita binti tena. Hakumpeleka kituoni, alimpeleka mbele ya ukuta wa karakana, ambako kulikuwa na mistari ya chaki mingi, imepangwa chini ya namba za bunduki.

"Hii ni nini? Nieleze kama mtoto."

"Ni mikono, afande. Ukipaka mara moja ni mkono mmoja. Baba alikuwa anapaka mafuta kwa kiganja, anasugua mpaka mti upate joto, anaanika siku nzima, kesho anapaka tena. Kila mkono mstari mmoja." Alionyesha namba ya bunduki ile. "Hapa. Nje, mistari sita. Jumatatu ya wiki iliyopita mpaka Jumamosi."

"Na huu mmoja wa pembeni?"

"Huo ni mkono wa ndani. Kwenye mfereji na tundu la kifyatulio, kusikoonekana. Alikuwa anaufanya mwisho, kwa sababu wakati wa kupaka nje anakishikilia kitako kwa ndani. Ameandika Jumapili. Nilimletea chakula saa kumi, nikamkuta anafanya."

"Unakauka baada ya muda gani?"

"Ndani anajaza sana, mti unywe ushibe. Siku tatu, nne. Alikuwa anasema mteja halipii ndani, hivyo ndani ndiyo utamjua fundi." Aligusa ule mstari wa pembeni. "Afande, baba asingeunga ile bunduki leo. Hata ungemwekea kisu shingoni."

"Najua," Inspekta alisema.

Alikuwa anajua na zaidi. Aliyeiunga alikuwa fundi: skrubu zilikazwa kwa mpangilio, bila kuchubua kichwa hata kimoja. Lakini alikuwa fundi aliyegusa nje, akaona pakavu, akaridhika. Haikumpitia akilini kwamba ndani panapakwa. Inspekta alipitisha macho kwenye vitako viwili vilivyobaki dirishani, vya Chapchap. Nje vanishi inang'aa mpaka unajiona meno. Akavigeuza. Ndani mti mtupu, mkavu, haujaguswa na tone la kitu.

Bado hakuwa na sababu. Hawa wawili walikaa chumba kimoja miaka minane, na jirani aliapa hakuwahi kuwasikia wakitukanana.

Jumanne asubuhi alikwenda idara ya wanyamapori na namba ya bunduki. Karani alifungua jalada, akasoma, akakunja uso.

"Hii ni ile ya marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Askari wetu. Aliuawa na nyati miezi mitano iliyopita, katikati ya mvua. Nyati alimjia kutoka hatua arobaini, yeye akasimama na bunduki yake begani, hakupiga. Waliokuwa naye wanasema alikuwa kama kaganda. Bunduki ilikaa ghalani, kiangazi kikaingia, ndipo tukaijaribu. Ilipiga vizuri tu. Tukaandika alishikwa na woga." Karani alishusha sauti. "Ilimuumiza sana mama yake. Mwanaume wa miaka kumi kazini, anaandikwa woga."

"Na kabla ya hapo ilishawahi kutengenezwa?"

"Mwaka jana. Kitako kilipakwa vanishi." Aligeuza karatasi. "Fundi aliyeipokea na kusaini ni huyu hapa. Si ndugu yake huyu? Kaka mtu. Tena nakumbuka walitaniana hapa hapa, mdogo anamwambia kaka fanya chapchap, Jumatatu narudi porini."

Inspekta alishukuru, akatoka, akasimama juani muda mrefu kuliko kawaida yake. Koplo alimletea maji, akayashika bila kuyanywa.

Alipofika kituoni, mtaalamu wa silaha alikuwa anamngoja na kitako mkononi. Kwenye tundu la kifyatulio, mti ulikuwa na michubuko miwili, ya zamani, chuma kilipousaga. Alieleza kwa kifupi. Mti usiopakwa ndani hunywa maji. Ukinywa huvimba. Ukivimba, tundu hubana kifyatulio, unavuta, hakiji. Ukikauka unasinyaa, na bunduki inarudi kuwa nzima, haina kosa. Mzee Vitako alipokwangua vanishi aliiona michubuko hii. Kwa mtu kama yeye ilikuwa sawa na kusoma barua.

Mtu wa alama za vidole naye hakuwa na maneno mengi. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye mshono yalikuwa yameanza kuganda, na yalikuwa yamehifadhi dole gumba moja la mkono wa kulia, safi, mistari yote.

"La nani?"

"La mtu ambaye hakuigusa."

Saa tisa alasiri walikaa watatu katika chumba cha mahojiano: Inspekta, Koplo na kalamu yake, na Chapchap. Dirisha lilikuwa wazi. Mtu alikuwa anafagia uani.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alisema. "Una haki ya wakili."

"Simtaki."

"Jumapili saa kumi Mzee alipaka mafuta ndani ya kitako. Jumatatu saa moja kasorobo akapigwa risasi. Dole gumba lako limo kwenye mafuta hayo. Sema."

"Nilifanya kazi pale miaka minane. Madole yangu yapo kila mahali."

"Yapo. Lakini hili liko kwenye mafuta ya Jumapili, na wewe Jumapili ulikuwa kwa mama."

Chapchap alilitazama dole gumba lake.

"Ulishika ukaona pakavu, sivyo?"

Chapchap aliinua uso.

"Ulishika nje," Inspekta alisema polepole. "Hukuangalia ndani. Hujawahi kuangalia ndani."

Kama alikuwa amejiandaa kwa maneno ya kila aina, hayo hakujiandaa nayo. Mdomo ulimcheza. Akaufunika kwa kiganja.

"Mzee alikwambia lini?"

"Jumanne iliyopita," alisema kupitia vidole. "Aliniita mezani. Akaniambia tazama. Nikatazama. Akaniambia mdogo wako hakuogopa. Alivuta, kikakataa. Alivuta mpaka mwisho, chuma kimesaga mti." Alipumua. "Mimi ndiye niliyeipaka, afande. Siku mbili. Yeye mwenyewe alikuwa ananiharakisha. Nje nilimpigia vanishi mpaka akafurahi, akanikumbatia."

"Mzee alitaka nini?"

"Nimwambie mama. Mimi mwenyewe. Akasema mama analala kila siku akidhani mtoto wake alikufa mwoga, si haki. Akanipa mpaka Jumatatu. Nisiposema, yeye atapeleka barua idarani jina lisafishwe, na mama atasikia kwa watu."

"Ukashindwa."

"Nilijaribu. Jumapili nzima nilijaribu. Kila nikifungua mdomo nauona uso wake. Amebaki na mimi tu. Mtoto aliyebaki ndiye aliyemuua yule mwingine, utaanzaje? Utasema nini, afande? Utaanza na neno gani?"

Inspekta aliendelea. "Jumatatu asubuhi."

"Niliingia saa kumi na mbili. Nilikuwa na ufunguo wa sefu. Nikachukua chuma, nikaunga. Nilitaka kukivuta mwenyewe. Nilitaka nione labda Mzee kakosea, labda hakibani."

"Kikabana?"

"Hapana. Mti umeshasinyaa sasa. Kilikuja vizuri." Alilia bila kujifuta. "Kilikuja vizuri kabisa."

"Na risasi uliitia ya nini?"

Kalamu ya Koplo ilisimama. Uani ufagio uliendelea, kisha nao ukanyamaza.

"Risasi, bwana. Kukijaribu kifyatulio hakuhitaji risasi."

"Niliitia," Chapchap alisema, "kwa sababu nilishajua kwamba sitaweza kumwambia."

Mzee aliingia saa moja kasorobo, akamwona nayo, akamwambia weka chini mwanangu, hiyo mbichi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Hakuogopa. Aliwaza mafuta yake. Chapchap akampiga kwa karibu, akamkalisha, akampa bunduki na kitambaa, akatoka kwa mlango wa nyuma. Zile zenye lakiri hakuzigusa, maana lakiri ikikatika huulizwa. Na hii peke yake ndiyo mzee aliyokuwa akiifanyia kazi. Kila mtu angesema ajali.

Alisaini kurasa nne.

Saa kumi na moja mkuu wa kituo alisoma, akachukua kibali cha kuzika, akaandika mauaji. Inspekta alikipeleka mwenyewe kwa yule muuguzi. Dada alikisoma akiwa amesimama, akakikunja mara mbili, akakitia ndani ya sare upande wa kifua. "Ahsante," alisema. Kisha akauliza ni nani, na alipoambiwa alikaa chini barabarani pale pale, maana alimwita mtu huyo kaka.

Inspekta aliporudi, Koplo alimpokea mlangoni kwa uso mbaya. "Mama yake yupo. Ameleta chakula."

Alikuwa kwenye benchi la mapokezi, kikapu mapajani, mama wa miaka sabini hivi, amejitanda khanga mbili. Inspekta alikaa kando yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni kweli?"

"Ni kweli. Ameandika mwenyewe."

"Kwa nini?"

Kazi hii ina siku zake mbaya, na Inspekta aliitukana moyoni. "Kuna jambo alitaka usilijue, mama. Kuhusu mdogo wake."

"Kifyatulio?"

Inspekta alimgeukia.

"Mzee alikuja nyumbani Alhamisi," mama alisema. "Hakuweza kukaa nalo, masikini. Akanieleza lote. Nililia mpaka nikachoka. Halafu nikamwambia, Mzee, usimwambie mwanangu kwamba najua. Mwache aje aniambie kwa mdomo wake, nami nimwambie nimesamehe. Asibebe peke yake maisha yake yote. Mzee akakubali. Akasema nimempa mpaka Jumatatu."

"Mama..."

"Jumapili alikaa nami kutwa. Alifungua mdomo, akaufunga. Akafungua, akaufunga. Nikawa nasema moyoni, sema baba, sema. Nilishamsamehe tangu Alhamisi. Ningemsaidia kidogo tu, ningesema neno moja tu, Mzee angekuwa hai." Alishika kikapu kwa mikono miwili. "Sasa nataka kumwambia."

"Kumwambia kwamba ulijua?"

"Ndiyo."

Sheria iliruhusu dakika kumi. Inspekta alifikiri juu ya mtu yule mle ndani, na nini kingebaki kwake baada ya kulisikia hilo. Alifikiri pia kwamba mama huyu amenyamaza mara moja, na ameona kilichotokea. Akamwashiria Koplo kwa kichwa afungue.

Mlango ulifunguliwa, ukarudishiwa. Sauti ya mama ilianza chini chini, ya kawaida, ya mtu anayemweleza mwanawe habari za nyumbani. Ikafika katikati. Kisha mtu mzima wa miaka arobaini akaanza kupiga ukuta kwa viganja, akipiga kelele kituo kizima kikasikia:

"Usiniambie, mama! Nakuomba, usiniambie!"

Mama aliendelea mpaka akamaliza.